Mrejesho: makala ya asteroidi pacha Didymos

Habari zenu wakuu. Niliuliza nishike namba ipi kwenye makala ya kamusi elezo kuhusu Didymos, mwamba wa angani (asteroidi) wenye mwezi mdogo: muda wa mwezi huo kuizunguka Didymos ulifupika kwa kiasi gani baada ya kugongwa na chombo cha NASA, sekunde 73, dakika 32 au dakika 33? Asanteni sana mlionijibu, makala nimeshairekebisha.

Kumbe namba hizo hazigombani. Sekunde 73 ni kiwango cha chini ambacho NASA ilijiwekea ili misheni ya DART, yaani ile ya kugonga asteroidi kwa chombo makusudi ili kubadili mzunguko wake, ihesabike kuwa imefaulu. Dakika 32 ni tangazo la Oktoba 2022, likiweza kupungua au kuzidi kwa dakika 2. Dakika 33 ilitokana na vipimo vya baadaye vilivyo makini zaidi, kwa hiyo ndiyo niliyoiweka.

Iliyonikera hasa ni sentensi iliyodai kwamba chombo kiligonga Didymos yenyewe. Sivyo! Tarehe 26 Septemba 2022 DART iligonga Dimorphos, mwezi wake mdogo wenye upana wa meta 160 hivi. Kabla ya hapo Dimorphos ilizunguka Didymos kwa saa 11 na dakika 55. Muda huo ndio uliofupika, na ulipimwa kwa darubini za hapa duniani: Dimorphos ikipita mbele au nyuma ya Didymos, mwanga wa jozi hiyo hufifia kidogo, na kufifia huko hujirudia kwa mpangilio.

Miaka ya ugunduzi nayo nimeitenganisha, Didymos 1996 na Dimorphos 2003. Uzito wa Dimorphos nimeuandika kama makadirio, hadi chombo cha Ulaya cha Hera, kilichorushwa Oktoba 2024, kifike kuupima.