Mrejesho: Nivumilie Sweden au nirudi Tanga?

Ndugu zangu, mwaka jana niliwauliza swali hilo, wengi mkanisihi nivumilie kwa ajili ya watoto. Nimevumilia. Shule kweli hawalipi, hata chakula cha mchana wanapewa, na kwa hilo nashukuru sana.

Lakini Desemba hapa Stockholm jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Jirani wa mlango wa pili akinisikia kwenye korido husubiri nipite ndipo atoke. Mama alipofariki nililia jikoni peke yangu. Hakuna aliyebisha hodi kunipa pole. Nyumbani turubai lingeshafungwa uani kabla sijafuta machozi.

Mume wangu ameridhia. Shule zikifungwa Juni, tunarudi.