Altezza inachezacheza kitako kwenye rasta, nina laki nane, nianzie wapi?

Kijana wa Buhongwa
Habari zenu wakuu, niko Mwanza, nina Altezza RS200 manyuo (gia za mkono), ile ya injini ya 3S, injini iko poa sina neno nayo, shida iko huku chini. Nikitoka Buhongwa kwenda Usagara nikipita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, kitako kinachezacheza kama kinataka kunipita, na kwenye matuta mbele upande wa abiria inagonga ko ko ko. Nataka ikae chini kidogo na ishike kona. Nina laki nane, hapo na hela ya fundi humohumo. Fundi mmoja kasema tukate springi koili moja na nusu, mwingine kasema nitafute koilova (shokapu na springi pamoja, zinazorekebishika urefu) za mtumba za Japani. Naomba mawazo, hii gari naipenda kwa kweli.

Spana Kumi na Nne
Springi usikate mkuu. Ukipunguza koili springi inakuwa ngumu maana uzito uleule unabebwa na koili chache, halafu shokapu ni ileile iliyotengenezwa kuituliza springi laini, kwa hiyo gari itazidi kudunda. Tena shokapu inakaa imeshabonyea nusu, tuta dogo tu inafika mwisho inagonga. Na siku ukipiga jeki tairi likaning'inia, springi inaweza kuchomoka kwenye kiti chake.

Mzee wa Kona
Mimi ningeenda na koilova za Tein hata mtumba, unashusha unavyotaka na urefu unarekebisha mwenyewe.

Dada Gereji, Nyakato
Kaka Mzee wa Kona, mpya sibishi, ila kwa laki nane ni mtumba tu, na mtumba nyingi zinafika oili imeshavuja na nyuzi zimeshika kutu hazizunguki, hasa zilizotoka mikoa ya Japani yenye theluji wanakomwaga chumvi barabarani. Hapo umenunua urembo.

Mdogo wangu mwenye gari, hiyo Altezza ina wishibon mbili mbele na nyuma, yaani kila tairi linashikwa na amu za juu na za chini, toka kiwandani iliundwa kwa ajili ya kona, inachokudai ni kubadilishiwa raba na vifaa vilivyochoka tu. Huo mlio wa mbele anza na linki za stabiliza (vyuma vifupi vinavyoshika fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona), ni za bei rahisi na ndizo zinazopiga kelele mara nyingi, ila kabla ya yote angalia boljointi za chini za mbele, vile viungo vya mviringo vinavyoshika tairi. Hizi gari zinajulikana kwa boljointi hizo kuchakaa, ikichomoka tairi linalala na gari inakaa chini ukiwa kwenye mwendo. Ukikuta inacheza badilisha zote mbili, hiyo haina kusubiri mwezi ujao. Baada ya hapo bushi (raba za kwenye maungio) za amu za nyuma, kisha shokapu za KYB mpya kwa jozi, nyuma kwanza kama hela haitoshi maana kitako ndicho kinachokusumbua. Kushusha gari weka pembeni, ukishaweka springi fupi hayo matuta ya njia ya Igoma utayapita ukilalia ubavu.

Na tairi je? Zikiwa ngumu za zamani, shokapu haziwezi kukusaidia kona.

Kijana wa Buhongwa
Asante sana dada. Leo fundi kaingiza mtaimbo, boljointi ya kushoto inacheza kabisa, naona kwa macho, na bushi za nyuma zimepasuka raba mpaka chuma kinaonekana. Koilova nimeachana nazo. Tairi ni nzuri. Nimwambie nini wakati wa kufunga?

Dada Gereji, Nyakato
Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Bolti za bushi asizikaze gari ikiwa juu ya jeki. Azishike kidogo tu, ashushe gari ikae na uzito wake kwenye tairi, ndipo akaze mpaka mwisho akiwa chini kwenye shimo. Akikaza tairi likiwa linaning'inia, ile raba inabaki imejisokota muda wote na itapasuka mapema, utasema umeuziwa feki. Bakiza hela ya alaimenti, yaani kunyoosha tairi, kwenye hiyo laki nane, upime siku hiyohiyo kabla hujaipeleka Usagara, la sivyo tairi zako nzuri zitalika upande wa ndani.

Spana Kumi na Nne
Na boljointi mwambie asisahau pini ya kufungia nati, aweke mpya, asirudishe ile ya zamani.