Walinzi tunalipwa chini ya kima cha chini na hakuna anayekuja kukagua

Wakuu nimechoka aisee. Mimi ni mlinzi wa kampuni hapa Dar, lindo langu ni ghala, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi siku 6 kwa wiki, mwisho wa mwezi naingiziwa laki na ishirini na hapo washakata hela ya sare na buti. Amri ya mishahara ya 2022 iliyoanza Januari 2023 ilisema mlinzi wa kampuni ndogo asilipwe chini ya 148,000, zile kubwa za kimataifa 222,000. Januari 2026 serikali ilipandisha tena, wastani wa kima cha chini sekta binafsi ukatoka 275,060 mpaka 358,322, sisi hata ya 2023 hatujaionja!

Ukiuliza unaambiwa mkataba ulisaini mwenyewe, kama hutaki acha, wenzako wapo nje wanasubiri. Hapo ndo panaponiuma kuliko pote kwa sababu ni uongo. Tanzania iliridhia Mkataba namba 131 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) mwaka 1983 na kifungu cha 2 kimenyooka, kima cha chini kina nguvu ya sheria, hakipunguzwi, na asiyelipa aadhibiwe. Sahihi yangu haimpi bosi ruhusa ya kunipunja, ningesaini hata elfu hamsini bado anadaiwa kima kile kile. Na masaa sijagusa, sheria ya ajira ya 2004 inasema 45 kwa wiki, yakizidi yalipwe mara moja na nusu, usiku kuna nyongeza ya 5%, mimi napiga 72 na overtaimu sijawahi kuiona.

Mkataba huo huo wa ILO unataka ukaguzi wa kutosha. Ukaguzi upi jamani? Afisa kazi akija anaishia ofisini kuonyeshwa mafaili, lindoni usiku haji mtu kutuuliza tunalipwa ngapi. Na wanaotoa tenda wanampa wa bei ya chini kabisa wakati wanajua bei ile haiwezi kutoa hata ile 148,000 ya 2023 kwa kila mlinzi.

Nataka twende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi) kama kundi maana ukienda peke yako kesho yake huna lindo. Waliowahi kudai mapunjo ya mshahara wakalipwa njooni mseme mlibeba ushahidi gani, sisi slipu hawatupi, tuna meseji za benki tu na daftari la lindo lenye masaa ya kuingia na kutoka.