Mafundi wa maboksi Lubumbashi, tiyo (bomba la hewa) ya boksi la sabufa hukatwa kwa hesabu, haikatwi kwa jicho!

Yambo yenu wote. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Sabufa ya gari langu, ya inchi 12, imekufa baada ya wiki tatu. Ampli, yaani kikuza sauti, ni nzima, nyaya ni nzima, wala sikuifungulia hadi mwisho. Kilichoiua ni kipande cha tiyo cha sentimita 10.

Boksi nililitengenezesha kwa fundi mmoja wa hapa mjini, jina lake naliacha. Dola 70, mbao za MDF (za unga wa mbao ulioshindiliwa) za milimita 18, kapeti nyeusi juu, kwa macho ni boksi zuri kabisa. Nilimpa na karatasi iliyokuja ndani ya katoni ya sabufa. Imeandikwa wazi: ukitaka boksi la tiyo, lita 55 hadi 60, hezi 32, yaani boksi liimbe kwenye mitikisiko 32 kwa sekunde. Akaipokea, akaigeuza, akaandika mgongoni namba ya simu ya mteja mwingine. Nimesimama palepale, naona.

Siku ya kulichukua nikamwuliza, "Urefu wa tiyo umeupataje?" Akasema, "Mkubwa, tiyo ni ya kutoa upepo tu. Kazi hii nimeianza zamani, mkono wangu unajua."

Ya kutoa upepo tu! Hilo neno ndilo linaloniuma kuliko hata pesa, maana wengi wanalisema na watu wanaitikia.

Chukua chupa tupu ya bia ya Simba, uipulize mdomoni. Inalia sauti moja. Tia maji hadi nusu, puliza tena, sauti inapanda. Boksi la tiyo ni chupa hiyohiyo, na Mjerumani Helmholtz alishaieleza karne ya 19. Hewa iliyo ndani ya tiyo ni mzigo, hewa iliyo ndani ya boksi ni springi. Ukirefusha tiyo, mzigo unakuwa mzito na sauti inashuka. Ukikuza boksi, springi inalegea, sauti inashuka pia. Ukipanua tiyo bila kuirefusha, sauti inapanda. Kwa hiyo anayekata tiyo ndiye anayechagua boksi liimbe wapi, ajue asijue.

Na hesabu yake haihitaji chuo. Kipenyo cha ndani cha tiyo, kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 23,562.5. Gawanya kwa hezi mara hezi, gawanya tena kwa lita. Mwishoni toa kipenyo mara 0.732, kwa sababu hewa iliyo kwenye midomo ya tiyo nayo inatikisika pamoja na ile ya ndani. Simu yoyote ina kikokotoo.

Lita nazo ni za ndani, jamani. Boksi langu kwa nje ni sentimita 60 kwa 40 kwa 35. Fundi aliniambia kwa majivuno kwamba ni lita 84, na 60 kwa 40 kwa 35 kweli ni 84, lakini mbao je? Ondoa milimita 18 kila upande, inabaki 56.4 kwa 36.4 kwa 31.4, yaani lita 64 na nusu. Toa nafasi inayokaliwa na sumaku na kikapu (fremu ya chuma) cha sabufa, toa na ya tiyo yenyewe, unabaki na 59 hivi. Kati ya 84 na 59 kuna lita 25 za hewa ambazo hazikuwahi kuwepo.

Basi tiyo ya kipenyo cha 10, lita 59, hezi 32: 2,356,250 gawanya kwa 60,416, unapata 39. Toa 7.3. Sentimita 31.7. Yangu ilikuwa 10! Nimeingiza mita mwenyewe, nimerudia mara tatu. Ukingo wake wa ndani umekatwa kwa msumeno na kuachwa na meno, na silikoni imegusa sehemu mbili tu.

Sababu yake naijua sasa. Aliitoboa mbele, na kwenda nyuma kuna sentimita 31 tu, tiyo ndefu ingegonga ukuta. Angeitoboa ubavuni ingelala kwenye urefu wa 56 na mdomo wake ungepumua vizuri, au angeikunja kwa kona. Badala yake alifupisha.

Kwa urefu huo boksi linaimba kwenye hezi 47 hivi. Sikuamini karatasi peke yake. Niliazima sabufa ya rafiki, inchi 12 pia, nikalilaza boksi koni (ule uso mpana wa sabufa unaotikisika) ikitazama juu, nikaweka punje chache za mchele, sauti chini kabisa. Kwa simu inayotoa sauti ya hezi unazochagua, nikashuka polepole kutoka 60. Kwenye 55 mchele unaruka. Nilipokaribia 47 ukatulia, koni karibu imesimama, na mkono wangu mbele ya tiyo unasukumwa na hewa. Kwenye 40 mchele ukamwagika wote sakafuni.

Hapo ndipo sabufa yangu ilipofia. Juu ya sauti ya boksi, hewa inaishikilia koni. Chini yake inaiachia, koni inapigapiga kama haimo ndani ya boksi. Sisi hapa tunasikiliza rumba. Waya wa chini wa gitaa la besi la nyaya nne unalia hezi 41, na la nyaya tano linashuka hadi 31. Kila mpiga besi aliposhuka, koni yangu ilikuwa inaachiwa. Kwanza nikasikia besi ya noti moja, buuu buuu, wimbo wowote. Baadaye ta-ta-ta ya koili, ule waya ulioviringwa nyuma ya koni, kugonga chuma. Halafu harufu ya kuungua, kwenye barabara ya Kasapa, watoto wamo garini. Na ampli aliifunga yeye, kichujio cha sauti za chini sana hakukigusa.

Nilivyorudi aliniambia sabufa ni ya bandia. Kisha eti atanisaidia, ataongeza tiyo ya pili kama ya kwanza. Tiyo mbili fupi hivyo zinapandisha boksi hadi juu ya hezi 65! Kwa hezi 32 kila moja ingetaka sentimita 70, na boksi lenyewe ndani ni 56.

Jumamosi narudi na mita na daftari. Ama alifungue boksi, azibe tundu la mbele, apitishe tiyo ubavuni kwa urefu sahihi, ama anirudishie dola 70. Ya sabufa tutaizungumza hapohapo, mbele ya wateja wake.

Na wewe wa komini zetu za Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kamalondo, popote, kama boksi lako linapiga besi ya noti moja, ingiza mita ndani ya tiyo usiku huu. Niandikie urefu, kipenyo na vipimo vya ndani, nikupigie hesabu kabla sabufa haijaungua.