Tupeane uzoefu: jina gani ya keki ilikushangaza, na gani ilikushinda kupika?

Mama Kadutu (Bukavu): Banduku habari. Miye nauzisha bitumbura tangu mtoto wa kwanza: farini, sukari, levire, maji ya vuguvugu, unafunika na kitambaa mpaka inavimba, unachota na mkono unaangusha mu mafuta, kwisha. Sasa binti yangu ananiambia eti "beignet", jina ya bitumbura mu Kifaransa, inatoka ku Kifaransa cha zamani, buigne, ni ile nundu unapata ukigonga kichwa. Nikacheka, juu kweli mu mafuta inavimbaga vile vile! Na nyinyi?

Wa Birere (Goma): Miye ni "choux". Nilikuwa nazani ni ile shu (kabichi) ya kula na ugali, kumbe ni juu tu ya umbo, kila moja ikiiva inafanana na kashu kadogo. Maji 250 ml, siagi gramu 100, chumvi kidogo, ikichemka unatupa farini gramu 150 yote mara moja unasonga kama ugali mpaka inaachana na sufuria, unatoa ku moto, ikipoa kidogo unatia mayai 4, moja moja. Levire hakuna, ni mvuke ndio unainua. Mara ya kwanza nilifungua furu mapema nionyeshe jirani, zote zikalala kama kandambili. Jirani alikula lakini.

Fundi wa komini Kenya (Lubumbashi): Krwasa (croissant), maana yake mwezi mwandamo, na haikuanzia Ufaransa! Inatoka Vienna, kule wanaita kipferl, Muaustria August Zang alifungua bulanjeri Paris mwisho wa miaka ya 1830, njo maana mpaka leo Wafaransa wanasema "viennoiserie", ni kusema vitu vya Vienna. Ile ya kusema ilitengenezwa juu Waturuki walishindwa ku vita ya Vienna ya 1683 ni hadithi tu. Miye nilijaribu mwezi wa kumi, munajua joto ya Lushi, nakunja tatu unga na siagi ndani, napumuzisha, nakunja tena, mara ya tatu siagi ikatoka pembeni yote, nikapata mkate wa mafuta. Sasa nafanyaga mwezi wa saba asubuhi, kukiwa baridi.

Ya Furaha (Bukavu): Mille-feuille, keki ya matabaka ya unga na siagi, maana yake majani elfu moja. Ukikunja tatu mara sita unapata 729. Nimehesabu.

Mama Kadutu: Basi wametuibia 271!! Wa Birere, hayo mayai ni makubwa ao madogo?

Wa Birere: Kama makubwa tia 3 kwanza mama, ya nne uipige kando, uongeze kidogo kidogo, kijiko ukikiinua unga ushuke polepole. Ikiwa maji maji haitapanda.