Hivi wanawake wa Kilatino wote wako kama wa kwenye tamthilia?

Dada wa Mwanjelwa: Jamani wana Mbeya, saluni kwangu ni tamthilia za Mexico kutwa nzima, mbona mwanamke ni yuleyule tu, mweupe, nywele ndefu, kazi kugombania mwanaume? Au ndo walivyo?

Mzee wa Uyole: Wapi bana, mwimbaji Celia Cruz wa Cuba alikuwa mweusi kama sisi na muziki wake wa salsa dunia nzima iliucheza. Mwigizaji Rita Moreno wa Puerto Rico kachukua tuzo ya Oscar 1962 kwa filamu ya West Side Story, ila kwenye filamu hiyohiyo walimpaka vipodozi awe mweusi zaidi eti ndo afanane na kwao, we fikiria!

Binti Iringa: Na huku je? Msanii wa kike akipanda jukwaani mnajadili kiuno, sauti hamuisikii.

Dada wa Mwanjelwa: Aisee, jana mteja kaanza hivyohivyo nikazima tivii.