Maji mekundu Batinah: shemeji anataka tukaushe samaki wanaoelea, nimkubalie?

MtotoWaFunguni
Asalaam aleikum wadau. Niko Oman, Suwaiq, pwani ya Batinah. Mimi si mvuvi wa kuzaliwa, nimetia hisa tu kwenye boti ya faiba ya shemeji yangu, yeye ndiye nahodha. Tangu Jumamosi maji yamekuwa rangi ya chai ya mkandaa, na yananuka. Juzi alfajiri tukavuta jarife: limejaa ute wa kahawia kama uji wa ulezi, kamba zinateleza mkononi. Kolekole watatu tu, wote wafu, matamvua ya kupumulia yamegandana. Kurudi pwani, dagaa na tasi wanaelea, wengine bado wanatweta juu juu.

Shemeji anasema riziki haikimbiwi. Tuokote, tuanike, kuna mnunuzi atachukua magunia kwa chakula cha ngamia, na wale wenye macho maangavu twende nao sokoni. Moyo wangu haupendi. La pili, bi mkubwa nyumbani hapitishi wiki bila kome. Wakichemshwa sana hawana neno?

NahodhaMstaafu
Wa aleikum salaam. Yakhe, hayo niliyaona 2008. Yaliingia Agosti, yakatutoka Mei mwaka uliofuata, huku kwetu na Imarati pia. Kijimea chenyewe kilichoyatia maji rangi kiliitwa Cochlodinium, hukioni kwa macho mpaka kiwe mamilioni. Samaki wa vizimbani ndio waliokwisha vibaya, hawana pa kukimbilia. Mitambo ya kusafisha maji ya bahari yawe ya kunywa nayo baadhi ilizimwa, vichujio vimeziba. Kwa hiyo kabla ya samaki, jaza tangi la nyumba.

Huyo wa 2008 hakujulikana kwa kumdhuru mlaji, alimaliza samaki kwa kuharibu matamvua. Lakini ukiwa juu ya boti utamjuaje huyu ni yeye au ndugu yake mwenye sumu? Anayeelea mwache.

Kibuyu_cha_Tanga
Mnatisha watu. Babu zetu waliokota samaki pwani wakala wakalala. Dagaa akikauka jua la Oman, sumu gani itabaki?

DaktariMsaidizi
Ndugu Kibuyu, hapo ndipo watu wanapoponzwa. Sumu hizi si vijidudu vya kuoza, moto hauziui, jua haliziui, chumvi haiziui. Umesahau Pemba? Mwaka 2021 watu saba walifariki kwa nyama ya kasa, na 2024 tena tisa, wanane wao watoto. Ile ni sumu nyingine, ya kasa, lakini chungu kilichemka vilevile.

Kome na chaza ndio wabaya zaidi, mtoa mada. Wao hula kwa kuchuja maji mchana kutwa, kijimea kikiwa na sumu wanailimbikiza mwilini na wenyewe wala hawaumwi. Ukimla kome wa namna hiyo, midomo na ncha za vidole huanza kuchonyota ndani ya saa chache, wakati mwingine hata nusu saa haifiki. Ikizidi, misuli ya kupumua inalegea. Dawa ya kuiondoa hakuna, anawekwa kwenye mashine ya kupumua mpaka sumu imtoke. Bi mkubwa mpe kuku.

Samaki aliyevuliwa hai, mbali na maji hayo, mle. Tumbo na maini tupa.

DadaWaTampa
Huku Florida yetu inaitwa Karenia brevis, ile ya 2017 iliingia mpaka mwanzoni mwa 2019. Julai 2018 papa shilingi wa futi 26, kama wale wa Mafia, alikutwa amekufa ufukweni Sanibel. Kasa na nguva ndio usiseme. Na hewa yenyewe: mawimbi yakipasuka sumu inapanda na upepo, unakohoa hata hujalowa. Mwenye pumu asisogee. Sijui ya kwenu kama inakohoza, ila watoto warudi ndani kwanza, mengine baadaye.

MtotoWaFunguni
Ahsanteni. Na usiku maji yanawaka kila kasia likigusa, buluu kabisa. Ndiyo hiyohiyo?

NahodhaMstaafu
Inaweza. Viko vijidudu vingi vinavyowaka, Noctiluca mmojawapo, na bahari yaweza kuwaka bila kuua kitu. Usihukumu kwa mwanga. Chukua chupa ya maji na samaki mmoja kwenye barafu, peleka ofisi ya uvuvi, wanayo darubini. Nyavu zioshe kwa maji matamu leo leo, ule ute ukikaukia humo utaukwangua kwa kisu.

Kibuyu_cha_Tanga
Haya, nimekaa kimya. Lakini ngamia je?

DaktariMsaidizi
Ngamia naye ana mwenyewe, na maziwa yake yananywewa.

MtotoWaFunguni
Mrejesho. Chupa nimepeleka, wamesema tusubiri. Mnunuzi alikuja na pikapu, akaona nimekaa juu ya magunia, akaondoka. Shemeji kaninunia, chai anakunywa kwa jirani. Jarife tumeliosha mara tatu, bado linanuka.